Gurudumu Lisilochagua Upepo

Liko swali ambalo walimu wa maadili wamelitafakari tangu kale, nalo ni hili: mtu mwadilifu ni yupi? Je, ni yule asiyechagua upande, ampokeaye kila ajaye kwa uso mmoja? Ama ni yule apambanuaye pande, akaweza kusema huyu anakwenda na huyu anarudi? Wengi wetu hujibu upesi kwamba mwadilifu ni asiyependelea, na kwamba hapo maneno yamekwisha. Katika insha hii twakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo ni nusu ya kweli, na kwamba nusu iliyosalia ndiyo nzito zaidi. Wala hatutaitafuta nusu hiyo katika mabishano ya wanafalsafa. Tutaitafuta katika chombo kimoja cha mafundi, yaani gurudumu la mhimili wima, lile ambalo huzungushwa na upepo au na maji.

Huenda msomaji akashangaa kuona gurudumu limeingizwa katika kitabu cha utamaduni wa taifa. Asishangae. Utamaduni si ngoma, mavazi na methali peke yake. Namna watu wanavyoshika jembe, wanavyogawana maji kisimani na wanavyopima nafaka sokoni, yote hayo ni utamaduni. Pishi na kibaba ni mali ya utamaduni kama lilivyo litungu la Wakurya. Na muuzaji apunjaye pishi huharibu utamaduni zaidi ya mpigaji akosaye nyuzi za litungu. Taifa hujulikana kwa vipimo vyake. Basi tukitaka kujua tu watu wa namna gani, tuvitazame vyombo tunavyopimia, na tujiulize tunavitumia kwa moyo gani.

Mtoto wa Tarime au wa Mugumu akitaka kucheza na upepo hutengeneza kititia. Hukunja jani au karatasi, akakichomeka kijiti katikati, akakimbia nacho. Kititia kina sharti moja: lazima uso wake uelekezwe kwenye upepo. Ukikigeuza ubavu, husimama. Mitambo mikubwa ya umeme wa upepo ya siku hizi ni watoto wa kititia. Ina mapanga marefu, aghalabu matatu, na kichwa ambacho hugeuzwa na mashine kuufuata upepo kila uhamapo. Gurudumu la mhimili wima ni la ukoo mwingine. Mhimili wake husimama kama nguzo ya katikati ya nyumba ya msonge, na mabawa yake huuzunguka kama watu wanavyoizunguka ngoma. Halina mbele wala nyuma. Upepo uje kutoka upande wowote, litazunguka. Tena litazunguka kwa mwelekeo uleule.

Ukoo huu ni wa kale. Katika nchi ya Sistani, mpakani mwa Irani na Afghanistani, vinu vya upepo vya mhimili wima vilisaga nafaka zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na wanajiografia wa Kiislamu wa karne ya 10 waliandika habari zake. Huko Nashtifan, katika Irani, vingine vimesimama hata leo. Mwaka 1846 Thomas Romney Robinson, kasisi aliyekuwa pia mkuu wa kituo cha kutazamia nyota cha Armagh huko Ireland, alieleza kipimaupepo chake cha vikombe vinne vinavyozunguka juu ya nguzo. Mwaka 1885 William Gunn Price wa Marekani alipata hati ya uvumbuzi wa gurudumu la vikombe la kuzamishwa mtoni ili kupima mwendo wa maji. Katika miaka ya 1920 Sigurd Savonius wa Ufini aliipasua silinda katikati, akazisogeza nusu zake zipishane, hata umbo lake likitazamwa kutoka juu likafanana na herufi S. Zama hizohizo Mfaransa Georges Darrieus alibuni mabawa membamba yaliyopindwa mfano wa upinde, ambayo huvuna nguvu zaidi, lakini mara nyingi hayawezi kuanza kuzunguka mpaka yasukumwe kwanza. Gurudumu la Savonius halihitaji kusukumwa. Upepo mwanana tu hulitosha.

Wahenga walisema: bendera hufuata upepo. Walisema hivyo kwa kejeli, wakimlenga mtu ageukaye kila mwenye nguvu ageukapo. Gurudumu la mhimili wima halifuati upepo. Katika mkoa wa Mara upepo hauna mlango mmoja: mchana hewa ya Ziwa Viktoria huvuma kuelekea nchi kavu, usiku hewa ya nchi kavu hurudi kuelekea ziwani, na upande wa mashariki nyika ya Serengeti ina pepo zake. Gurudumu hupokea zote bila kuhama mahali pake. Mwanafunzi aweza kusema hapo hapo: nimempata mwadilifu wangu! Hana kabila, hana upande, hana mgeni wala mwenyeji. Lakini tusiharakishe. Kila sifa ina gharama yake, na gharama ya sifa hii inafaa itazamwe mara mbili.

Gharama ya kwanza ni ya nguvu. Gurudumu la Savonius huzunguka kwa sababu upepo huukamata uso uliobonyea kuliko uso uliobinuka. Lakini nyuso zote mbili zimo mbele ya upepo wakati mmoja. Nusu moja huenda na upepo, na nusu ya pili hurudi ikipingana nao. Kinachosalia ni tofauti ya misukumo hiyo miwili, nayo si kubwa. Mitambo mizuri ya mapanga matatu huweza kuvuna kama sehemu 40 hivi katika kila 100 za nguvu ya upepo upitao. Gurudumu la Savonius la kufuliwa kijijini hufurahi likipata 15.

Natufanye hesabu, kwa maana maadili yasiyokubali hesabu huwa maneno matupu. Tuchukue pipa la mafuta la lita 200, tulipasue kwa urefu, tuzipachike nusu zake kwenye nguzo. Uso wake utakaokabili upepo utakuwa karibu mita moja ya mraba. Katika nyanda za juu za Tarime, zilizo kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na mita moja ya ujazo huwa na kilo moja hivi. Upepo wa mita 4 kwa sekunde ukipita katika uso huo huwa na nguvu ya wati 32. Sehemu 15 katika 100 za wati 32 ni wati 5 pungufu kidogo. Hiyo ni taa moja ndogo. Kama twainua maji kutoka kisima cha mita 10, na nusu ya nguvu ikapotea katika pampu na mikanda, tutapata kiasi cha lita 90 kwa saa, yaani madebe manne na nusu ya lita 20. Upepo huo ukivuma saa 10, ni madebe 45.

Madebe 45 si kitu cha kudharau kwa mama ambaye angeyabeba kichwani. Tena chombo hiki kina fadhila ambazo mitambo mikubwa haina. Pipa hupatikana, fundi wa kuchomelea yuko Tarime na yuko Mugumu, na mashine yake hukaa chini karibu na ardhi, hata mwenye kuitengeneza hahitaji kupanda mnara. Hata hivyo, haifai kumwambia mwanakijiji kwamba pipa hilo litawasha shule nzima. Wako watu wema wapendao teknolojia ya kijijini kwa mapenzi yasiyopima, nao huahidi zaidi ya upepo uwezavyo kutoa. Mapenzi ya namna hiyo humwachia mnyonge deni. Kujitegemea, ambako taifa letu lilikutangaza kuwa shabaha ya elimu mwaka 1967, hakuna maana ya kujidanganya; na mtu ajitegemeaye ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kujua kwa hakika anacho kiasi gani.

Hapa twafika penye sheria moja ya maumbile ambayo twaiona kuwa na mafunzo makubwa. Mjerumani Albert Betz alionyesha mwaka 1920 kwamba hakuna gurudumu liwezalo kuvuna zaidi ya sehemu 59 hivi katika 100 za nguvu ya upepo. Sababu yake yaeleweka bila hesabu. Ili upepo uendelee kuja, hapana budi ule uliokwisha kufika upite uende zake. Ukiunyang'anya nguvu yote, utasimama nyuma ya gurudumu, utaziba njia, na upepo mpya utaliambaa gurudumu lako kando. Mwenye kutaka vyote hupata pungufu ya aliyeachia kitu kipite. Mkulima, mfugaji, mchimbaji wa dhahabu na mvuvi waliomo katika bonde moja wangeliandika neno hili mlangoni: kuachia ni sehemu ya kuvuna. Tofauti ni kwamba upepo humwadhibu mlafi palepale, ilhali mto humwadhibu kwanza jirani aishiye chini yake. Ndiyo maana mlafi wa mtoni huhitaji sheria, na mlafi wa upepo hahitaji.

Tumtazame sasa ndugu wa gurudumu hilo, yule akaaye majini. Mpima maji humzamisha katika mto, kwa kawaida katika sehemu sita za kumi ya kina kutoka juu, au, panapo kina kirefu, katika sehemu mbili na sehemu nane za kumi. Huhesabu mizunguko kwa muda uliowekwa, akasoma katika jedwali kwamba mizunguko kadhaa ni mwendo kadhaa. Hufanya hivyo hatua kwa hatua toka ukingo hadi ukingo, akazidisha mwendo kwa eneo la maji, akajumlisha, na mwisho wake hujua ni mita ngapi za ujazo zipitazo kwa sekunde. Kisha hufunganisha matokeo hayo na kina kisomwacho kwenye ubao wenye alama uliosimikwa mtoni, ili siku nyingine kina peke yake kiweze kumwambia habari ya mto mzima.

Angalia tofauti ya ndugu hawa wawili. Gurudumu la kuvuna hutafuta kuchukua mengi. Gurudumu la kupima hutafuta kuchukua machache kadiri iwezekanavyo. Kipimamkondo kikiwa kizito, chenye kutu na msuguano, hutumia nguvu ya maji kwa haja zake, na hapo hutoa habari pungufu. Shahidi ni hivyo hivyo. Mwenye faida katika shauri hawezi kuwa shahidi mwema wa shauri hilo, si kwa kuwa ni mwongo, bali kwa kuwa mkono wake umo ndani ya maji anayoyapima. Taifa linahitaji wavunaji, nalo linahitaji wapimaji; lakini ole wake taifa ambalo mvunaji ndiye mpimaji pekee.

Sasa tuitaje gharama ya pili, ambayo ni kiini cha insha yetu. Gurudumu la Savonius lilitumiwa miaka mingi kupimia mikondo ya bahari, kwa sababu lina nguvu ya kuanza kuzunguka hata katika mkondo dhaifu, wala halijali maji yatoka wapi. Lakini wataalamu waligundua kwamba karibu na uso wa bahari, penye mawimbi, lilitoa hesabu kubwa mno. Chanzo chake kilikuwa sifa yake ileile. Wimbi huyasukuma maji mbele, kisha huyarudisha nyuma. Kwa kweli ya mambo, maji yaliyokwenda hatua tatu na kurudi hatua tatu hayakwenda popote. Gurudumu lisilochagua upande liliizungukia kwenda, likaizungukia na kurudi, likajumlisha, likasema: hatua sita! Halikupendelea; lakini halikusema kweli.

Dawa ya kosa hilo ilikuwa nini? Ilikuwa bendera. Wataalamu waliweka kando ya gurudumu ubapa mwepesi unaogeuka na maji, pamoja na dira, ili kila mwendo uandikwe pamoja na upande wake. Na katika miaka ya 1970 kilikuwapo chombo cha gurudumu la Savonius kilichofanya hesabu hiyo chenyewe, kikitoa marejeo katika maendeleo. Bendera ileile ambayo wahenga waliicheka kwa kufuata upepo ndiyo iliyomwokoa mwadilifu wetu na uongo. Gurudumu pekee lajua kiasi wala halijui upande. Bendera pekee yajua upande wala haijui kiasi. Kweli hupatikana wawili hao wakikaa pamoja.

Vikombe vya upepo navyo vina dhambi yao. Upepo ukija kwa vishindo, vikombe huongeza mwendo upesi, lakini shindo likipita hupunguza mwendo polepole. Kwa hiyo katika upepo wa vishindo husema upepo ni mkali kuliko ulivyo. Ni kama mtu mwepesi wa kughadhibika na mzito wa kupoa: ukimwuliza habari ya mwaka wake, atakuambia ulikuwa mwaka wa hasira. Naye Robinson mwenyewe aliamini kwamba vikombe vyake huenda kwa theluthi moja ya mwendo wa upepo, viwe vikubwa au vidogo. Baadaye ikaonekana kwamba sivyo, na kwamba kila chombo kina kadiri yake. Tangu hapo desturi ya mafundi ni kwamba kipimo nacho hupimwa. Kipimamkondo huburutwa katika birika refu la maji yaliyotulia, kwa mwendo unaojulikana, ili ijulikane kinasema nini kinapoambiwa kweli.

Kosa dogo la kipimo si jambo dogo. Nguvu ya upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha mwendo wake: mwendo ukiwa maradufu, nguvu huwa mara nane. Basi kipimo kikizidisha mwendo kwa sehemu 10 tu katika 100, nguvu iliyoahidiwa itazidi ile ya kweli kwa sehemu 33. Robo nzima ya ahadi itakuwa hewa! Watakaolipa robo hiyo si vikombe. Ni wanakijiji waliochanga fedha.

Tuyarudishe maneno haya kwa watu. Wakurya wana iritongo, mkutano wa hadhara ambamo mashauri ya ukoo hujadiliwa, na jamii nyingi za Tanzania zina baraza la namna hiyo. Mwamuzi asiyependelea katika baraza ni mtu wa thamani. Lakini kama kutopendelea kwake ni kule kwa gurudumu tu, atasikiliza sauti zote kwa sikio moja: ya aliyeporwa ng'ombe na ya aliyepora, ya aliyeona kwa macho na ya aliyesikia kwa jirani. Atajumlisha sauti, aseme hoja ni nyingi, na kumbe nusu yake ilikuwa wimbi likirudi. Mara ngapi tumeona kelele za pande mbili zikiandikwa kama kwamba ni mkondo wa maoni ya watu? Haki ina hatua mbili. Kwanza ni kumpokea kila mtu bila kumwuliza atoka wapi. Pili ni kuuliza, juu ya kila neno lililopokewa, linaelekea wapi. Anayeiacha hatua ya kwanza ni mwonevu. Anayeiacha ya pili ni kipofu. Na kipofu mwenye cheo humdhuru mnyonge sawasawa na mwonevu.

Mfano mkubwa wa jambo hili tunao nyumbani. Mto Mara huzaliwa katika milima ya Mau nchini Kenya, kwa vijito vya Amala na Nyangores. Hupita Maasai Mara, huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, hupita kati ya wilaya zetu mbili za Tarime na Serengeti, hutawanyika katika bwawa kubwa la mafunjo, na kumwagika Ziwa Viktoria chini ya daraja la Kirumi. Urefu wake ni karibu kilomita 400, na karibu theluthi mbili za bonde lake zimo Kenya. Wakati wa kiangazi nyumbu kwa malaki huutegemea. Wakulima, wafugaji, wachimbaji wa Nyamongo na wavuvi huutegemea nao. Mtu wa Bomet akiuchota, mtu wa Kirumi hamwoni. Na wahenga walikwisha kutuonya kwamba bandu bandu huisha gogo.

Macho ya mtu wa chini kumwona mtu wa juu ni kipimo. Kuna vituo vya kupimia maji Bomet, Mulot na Mara Mines, na pasipo vituo hivyo ugomvi wa maji ungekuwa ugomvi wa dhana. Sheria yetu ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, hutanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha maji ya kuhifadhi mazingira, ndipo yafuate matumizi mengine. Sheria hiyo ni ile kanuni ya upepo iliyoandikwa kwa lugha ya Bunge: kitu lazima kipite. Mwaka 2015 Tanzania na Kenya zilitia sahihi hati ya maelewano juu ya kusimamia pamoja maji ya bonde hili. Lakini sheria na hati hazina macho. Mgao usiopimwa ni salamu tu.

Wala kiasi peke yake hakitoshi. Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika rangi, yakanuka, na samaki wakafa. Kamati ya Serikali ilipima, ikatoa taarifa kwamba chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na kuoza kwa mimea. Watu wengi walihoji matokeo hayo hadharani, na mjadala ukawa mkali. Miaka minne kabla yake, mwaka 2018, watafiti walikuwa wamechapisha habari za mto huohuo upande wa Kenya, ambako viboko zaidi ya 4,000 hulimbikiza kinyesi katika vidimbwi, na mafuriko yanapokisomba, hewa ya oksijeni majini hupungua na samaki hufa. Mto mmoja, basi, una mikondo mingi ya sababu. Funzo tunalolichukua ni hili: kipimo hakiaminiwi kwa sababu kimetolewa na wakubwa, wala hakikataliwi kwa sababu hiyo. Huaminiwa watu wanapoonyeshwa kilipimwa wapi, lini, kwa chombo gani, na nani alisimama ukingoni kushuhudia. Mpimaji asiyeeleza upande wa kila mwendo huwaachia watu jumla tupu, nao huijaza kwa hofu zao.

Na tusidhani kwamba kupima maumbile vizuri kwatosha bila kuwapima watu. Kaskazini mwa Kenya, karibu na Ziwa Turkana, ilisimikwa mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310, nayo ilianza kupeleka umeme katika gridi ya taifa mwaka 2018. Upepo wa mahali pale ulipimwa kwa uangalifu mkubwa, na mashine zake ni fahari ya Afrika Mashariki. Walakini, Oktoba 2021 mahakama ya ardhi iliyoketi Meru ilitamka kwamba hati za ardhi ile hazikupatikana kwa kufuata utaratibu wa sheria, baada ya wakazi kufungua shauri. Upepo uliulizwa unatoka wapi. Wakazi wakadai kwamba wao hawakuulizwa ipasavyo. Nao pia ni mkondo.

Pengine mwanafunzi mwerevu atatupinga akisema: chombo hakina maadili, chuma hakitendi dhambi, na ninyi mnaliimbia pipa kama kwamba ni mtu. Pingamizi hilo ni jema, nasi twalikubali nusu. Ni kweli kwamba gurudumu halina nia. Lakini kila chombo kimebeba uamuzi wa aliyekiunda na wa anayekisoma: kihesabu nini, kiache nini, kikisema nani asikie. Pishi halina dhambi. Lakini pishi lenye kitako kilichoinuliwa lina dhambi ya mtu ndani yake. Tunalisema gurudumu ili tumfikie mtu.

Ndugu walimu, jambo hili laweza kufundishwa bila gharama. Vikombe vinne vyepesi, vijiti viwili vilivyopishana na msumari vyatosha kufanya kipimaupepo. Kikombe kimoja kipakwe rangi nyekundu, na wanafunzi wahesabu kinapita mara ngapi kwa dakika. Katika kijito kidogo kisicho na hatari, chungwa likielea mita 10 huonyesha mwendo wa maji ya juu. Mwendo huo ukizidishwa kwa 0.85 hukaribia mwendo wa wastani wa mkondo mzima. Kisha mwalimu aulize maswali yasiyo ya hesabu. Je, hesabu hii ingebadilika kama aliyehesabu ndiye mwenye shamba? Tulipima asubuhi, mchana je? Nani anayachota maji haya baada yetu? Mwanafunzi aliyezoea kuuliza hivyo kijitoni hataacha kuuliza akiwa karani, hakimu, mhandisi au mbunge. Huo ndio urithi tungependa kuuacha, kuliko sanamu na majengo.

Jibu letu kwa swali la mwanzo, basi, ni hili. Mwadilifu ni gurudumu na bendera kwa pamoja. Kama gurudumu, humpokea kila mtu bila kumwuliza ukoo, wala hahami nguzoni pake kwa sababu mwenye nguvu amehama. Kama bendera, hukubali kugeuzwa na kweli mpaka ajue kila neno lielekeako. Hujichukulia machache katika yale ayapimayo. Hukubali naye apimwe. Na akipewa kuvuna, hukumbuka kwamba upepo ambao hauruhusiwi kupita hauji tena, na kwamba maji yaliyoko mbele yake alfajiri yana mtu anayeyangoja jioni.